Tupeane uzoefu: kupima hali ya watoto wa kartie (mtaa) nzima, Goma na Bukavu

Reko wa Katoyi
Wapendwa, sisi mareko (wahamasishaji wa afya wa mtaani) tunaandaa hesabu ya watoto kwenye avenue zetu: afya, usalama, masomo. Anayeijua kazi hii aandike hatua, vifaa, na mahali panapoharibika. Hotuba za "taifa la kesho" tuwaachie wanasiasa.

Yaya wa Kadutu
Anzeni na orodha, mizani baadaye. Chefu wa avenue atawapa idadi ya parseli (viwanja), lakini parseli moja inaweza kuwa na wapangaji watatu nyuma. Hesabuni vyungu: wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Kaya zikiwa 240 na mnataka 40, ni kila ya sita. Ya kuanzia pigeni kura kati ya 1 na 6, msianzie pale motari alipowashusha. Huku Bukavu wapimaji hupenda kubaki juu, karibu na barabara. Nyumba za chini ya mteremko zinarukwa, na huko ndiko hata chanjo hufika kwa shida.

Mlango umefungwa? Rudi jioni, rudi Jumapili. Ikishindikana andika "hawapo". Ukiingia kwa jirani kwa sababu tu yeye yupo, umechagua mama asiyeenda sokoni, na hesabu yote imepinda.

Nesi wa Keshero
Yaya kasema kweli. Sasa utepe wa rangi tatu, ule wa kupima unene wa mkono ili kujua utapiamlo, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mkono wa kushoto: kunja kiwiko, pima toka ncha ya bega hadi ncha ya kiwiko, weka alama katikati, nyoosha mkono ulegee, ndipo uzungushe utepe. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali. 115 hadi 124 njano, utapiamlo wa kadiri. 125 kupanda ni kijani, yuko salama. Ngozi ikijikunja umekaza. Ukiona upenyo umelegeza. Milimita mbili tu zinamhamisha mtoto rangi. Na usipime juu ya triko! Goma kuna baridi asubuhi, mama hataki kumvua mtoto. Subiri jua litoke.

Kisha bonyeza gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde tatu. Vishimo vikibaki kote kuwili, ni kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama utepe unasema kijani. Uvimbe huo unaficha wembamba.

Umri bila kadi: tumieni matukio. Mlipuko wa Nyiragongo wa 22 Mei 2021, vita vya mwisho wa Januari 2025 hapa Goma, halafu Noeli na Pasaka katikati. Ikishindikana kabisa, fimbo yenye alama mbili, sentimita 65 na 110: mwenye kimo kati ya hizo anapimwa.

Chanjo nakilini tarehe kutoka kwenye kadi, msiridhike na "alipata zote". Penta (chanjo moja ya magonjwa matano) ni wiki 6, 10 na 14. Surua miezi 9. Wakipata penta ya kwanza watoto 80 na ya tatu 60, mmepoteza asilimia 25. Ikizidi asilimia 10, njia ya kituo mama anaijua, ila kuna kitu kinamkatisha tamaa: foleni, chanjo kuisha, au homa ya dozi ya kwanza ambayo hakuna aliyemwelezea.

Mwalimu, Panzi
"Mtoto anasoma?" Mtajibiwa ndiyo. Msingi katika shule za serikali ni bure tangu Septemba 2019, basi mzazi anaona haya kusema hapana. Ulizeni: Jumanne iliyopita alikuwa darasani? Usomaji upimeni nyumbani ili hata aliyeacha shule ahesabiwe: herufi, maneno, sentensi, aya fupi ya Kiswahili. Anapokwama ndipo ngazi yake inapoishia. Baba asimnong'oneze.

Mama wa Himbi
Usalama msiishie barabarani. Andikeni mbabula (jiko la makaa) iliyo chini sakafuni, petroli kwenye chupa ya soda, njia ya kuteka maji ziwani. Na mazuku: ile hewa ya kaboni dayoksaidi itokayo ardhini ni nzito kuliko ya kawaida, hujikusanya mabondeni usiku upepo ukitulia. Mtu mzima aliyesimama huenda asihisi kitu, mtoto aliyeinama akaanguka. Mijusi na ndege waliokufa ni dalili. Msishuke kuhakikisha, wekeni alama kwenye ramani, mkaulizie majirani.

Reko wa Katoyi
Aksanti sana. Na kupigwa, kudhulumiwa? Tuwaulize watoto wenyewe?

Yaya wa Kadutu
Hapana ndugu yangu, si mlango kwa mlango, si mbele ya wazazi. Kabla ya swali lolote la namna hiyo mjue mtampeleka wapi atakayesema ndiyo, na muulizaji awe amefunzwa. Kama hampajui, liondoeni kwenye fishi (karatasi ya maswali). Majina yakae karatasi moja, majibu nyingine, namba tu iziunganishe. Ile ya majina ishikwe na mtu mmoja.