Prado 150 ya dizeli: oili imepanda juu ya alama badala ya kushuka, naombeni ushauri

Mwanamonduli

Wakuu, habari za majukumu.

Nina Prado 150 ya dizeli, injini ya 1GD lita 2.8, ya mwaka 2016. Niliiagiza Japani mwaka jana ikiwa na kilomita 91,000, sasa inasoma 96,400. Ni gari langu la kwanza la dizeli. Naishi Arusha. Siku za kazi natembea kama kilomita 12 kwenda na kurudi: watoto shule, mimi mjini, basi. Mara moja kwa mwezi naenda Loliondo kikazi, na vumbi la njia ile mnalijua.

Wiki tatu zilizopita nilifanya sevisi ya kwanza tangu gari lifike. Nilitozwa oili, filta ya oili, filta ya hewa na ufundi. Jumapili nikavuta stiki ya oili nikakuta imepita alama ya juu kwa karibu upana wa kidole. Nimezoea oili kupungua, kuongezeka sijawahi kuona. Nikampigia aliyenihudumia, akasema bora izidi kuliko ipungue. Rafiki yangu mmoja akaniambia hiyo ni dizeli inavujia kwenye oili, injini inakufa hiyo. Gari nimelikopea benki, usingizi umenikimbia.

Niendelee kutembea nalo? Na je, sevisi ni kila kilomita 5,000 kama wanavyosema mafundi wa hapa au 10,000 kama alivyoniambia aliyeniuzia?

WaKiambu

Pole sana ndugu. Rafiki yako hajakosea kabisa, hiyo kitu ipo. Nilikuwa na Mazda CX-5 ya dizeli, ile ya 2.2. Kwenye stiki yake, juu ya alama ya kujaa, kuna alama nyingine ya X. Mazda wenyewe waliiweka wakijua oili itapanda. Ikifika X, unamwaga yote hata kama kilomita hazijatimia.

Inapanda hivi: kichujio cha masizi kwenye ekzosi, hicho wanachokiita DPF, kikijaa, injini inanyunyiza dizeli ya ziada ndani ya silinda ili ekzosi ipate moto wa kuyachoma yale masizi. Sasa kama wewe ni mtu wa safari fupi kama nilivyokuwa, kutoka nyumbani mpaka stendi ya matatu na kurudi, unazima gari kabla kazi haijaisha. Kesho linaanza upya. Kila mara dizeli kidogo inateleza kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Mimi nilipuuza miezi minane. Oili ilikuwa nyepesi kama maji ya chai, na tabo (tabochaja, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini) ikaanza kupiga mluzi. Usipuuze.

Chuma_cha_Tanga

Kwani si ung'oe tu hiyo DPF? Wengi wanafanya hivyo.

Dizeli_kwa_Dizeli

Chuma, tusimpeleke mwenzetu huko. Ukiing'oa lazima na kompyuta ya injini ichezewe, na moshi wote ule anauvuta mtoto wake anayemsubiri getini shuleni. Gari halijasema linaumwa DPF.

Mwanamonduli, mimi ni fundi wa dizeli, hii kazi nimeifanya tangu enzi za 1HZ, ile injini ya Land Cruiser za zamani. Kabla ya kuilaumu injini, tufanye hesabu kwanza. Nijibu mambo manne.

Umepimaje? Gari liwe sehemu tambarare, injini iwe imepata moto, uzime, usubiri dakika tano au zaidi, uifute stiki, uirudishe, ndipo usome. Ukipima barabara imeinama, stiki itakudanganya.

Walimimina lita ngapi? Angalia risiti.

Dumu limeandikwa nini? Si jina la kampuni, nataka zile herufi na namba.

La nne, fungua boneti umulike kopo la filta ya oili kwa tochi. Niambie unaona nini.

Harufu nayo inasaidia. Dondosha tone la oili kwenye karatasi nyeupe, uliache. Kama lina dizeli nyingi, utaona duara jepesi likitambaa kuzunguka doa jeusi, na pua itakwambia.

Mama_Nuru

Nakazia hilo la filta. Mume wangu na mimi tuna Hilux tatu za watalii, zile za zamani kidogo, 1KD. Kwenye injini zile kuna washa (ringi bapa) za shaba chini ya nozeli zinazonyunyiza dizeli. Zikichoka, moto wa silinda unapenya na kuingia kwenye oili, oili inageuka lami, na lami ile inaenda kuziba chujio la waya lililo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pale pampu inapofyonzea. Gari letu moja taa nyekundu ya oili iliwaka njiani Karatu, tukaongeza oili, ikawaka tena. Stiki inaonyesha imejaa! Shida haikuwa uchache, ilikuwa oili haipandi juu. Tangu hapo kila sevisi naikata filta ya zamani kwa msumeno wa chuma, naikunjua ile karatasi na kuiangalia kwenye jua. Vichembe vya lami, vipande vya chuma vinavyong'aa, vyote unaviona. Filta ni kama daftari la injini.

Mkikata, hapo ndipo mtaona pia tofauti ya filta nzuri na feki. Filta nzuri karatasi yake ni nyingi, mikunjo imekaa sawasawa, na ndani kuna kimpira kinachozuia oili isirudi chini ukizima gari. Feki ina karatasi kiduchu, gundi imetapakaa, kimpira kigumu kama plastiki. Asubuhi ukiwasha, injini inazunguka kavu sekunde kadhaa ikisubiri oili ijaze kopo. Kelele ile ya kwanza ya asubuhi ndiyo inayokula injini.

Mwanamonduli

Asanteni sana. Nimepima upya kwenye sakafu ya kanisa, imenyooka kabisa. Bado imezidi vilevile. Tone kwenye karatasi halikutoa duara, harufu ni ya oili tu.

Risiti: dumu mbili za lita nne. Zimeandikwa 15W-40, API CI-4.

Fundi, kopo la filta limegandamana vumbi jekundu, na ubavuni kuna maandishi ya Kijapani. Ina maana hawakubadilisha?

Dizeli_kwa_Dizeli

Ndiyo, hawakubadilisha. Umelipia filta ambayo haikufungwa. Pole kaka, hili huwa linaniuma sana, maana linatuchafua wote.

Hesabu ni hii. Injini yako inachukua kama lita saba na nusu ikiwekewa filta mpya. Filta ya zamani ilipobaki, ilibaki na oili yake chafu ndani, kama nusu lita. Kisha wakamimina dumu zote mbili kwa kuwa hakuna aliyetaka kubakiza. Una karibu lita nzima ya ziada. Dizeli haihusiki hapa.

Na si kweli kwamba bora izidi. Oili ikizidi, shafti inaipiga kama mwiko unavyopiga uji, inatoa povu. Povu ni hewa, hewa hailainishi chuma. Nyingine inavutwa kupitia bomba la pumzi ya injini, inaungua, na majivu yake yanaishia kwenye DPF.

Hapo sasa ndipo kosa kubwa kuliko filta. CI-4 ni oili ya malori, nzuri kwa lori lisilo na DPF, lakini ina madini mengi ambayo yakiungua yanaacha majivu. Masizi yanachomeka, majivu hayachomeki. Yakiingia DPF yanakaa humo mpaka siku kichujio kitakapotolewa na kusafishwa. Tafuta 0W-30 au 5W-30 yenye alama ya DL-1 au ACEA C2, hizo ni alama za oili yenye majivu machache, soma na kitabu cha gari lako. Bei itakuuma, lakini linganisha na bei ya DPF mpya.

Kuhusu kilomita: zile 10,000 ziliandikwa kwa dizeli ya Japani, ambayo salfa yake haizidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango chetu cha Afrika Mashariki kilichoanza Januari 2015 kiliruhusu hadi 50. Salfa inazaa asidi, na dawa za kuiua asidi ndani ya oili zinaisha mapema. Ongeza vumbi la Loliondo na safari za kilomita 12 ambazo injini haipati moto vizuri. Kwa matumizi yako badilisha kila 5,000 au miezi sita, kitakachotangulia, na filta mpya kila mara. Injini hii inatumia cheni, si mkanda kama 1KD, na cheni inaishi kwa usafi wa oili.

Mtu_wa_Nyegezi

Nichangie kidogo kwa wenye Ford Ranger ya 3.2 watakaosoma uzi huu. Msiache oili inachuruzika huku mkienda kunywa chai. Ikikaa tupu zaidi ya dakika kumi hivi, pampu inaweza kupoteza mvuto, na ukiwasha haivuti tena. Mwaga, badilisha kichujio, jaza haraka. Fundi asiyelijua hili anaweza kukuulia injini kwa sevisi ya kawaida kabisa.

WaKiambu

Na hiyo Prado ikiwa ya Japani angalia kama ina tangi la AdBlue, yale maji ya urea yanayonyunyizwa kwenye ekzosi kusafisha moshi. Nyingi za 2.8 zilizouzwa kule zinalo. Mtu asikudanganye ukoroge mbolea ya urea na maji ya bomba. Nunua iliyofungwa, madereva wa malori mapya watakuelekeza.

Mwanamonduli

Mrejesho wakuu.

Nimeenda gereji nyingine nikiwa na oili na filta zangu mkononi, nikasimama pale pale. Yote imemwagwa. Filta ya Kijapani imetolewa, na nikahakikisha mpira wake haukubaki umenata kwenye injini. Mpira wa filta mpya umepakwa oili, kopo limefungwa kwa mkono mpaka likagusa, kisha robo tatu ya mzunguko. Nimeandika tarehe na kilomita kwenye kopo kwa kalamu ya wino mzito. Zimeingia lita saba, tukawasha, tukazima, tukapima, tukaongeza kidogo kidogo.

Filta ya hewa nayo tulifungua tukaikuta ya zamani. Tumebadilisha.

Dada Mama Nuru, filta nimeikata. Karatasi nyeusi lakini hakuna kinachong'aa.

Mama_Nuru

Mungu ni mwema. Ihifadhi uilinganishe na ijayo.

Dizeli_kwa_Dizeli

Safi sana. Kila wiki mbili toka nalo barabara ya Namanga, dakika 20 hadi 30 kwa mwendo wa kutulia, DPF ijichome mpaka mwisho. Na pima oili kila Jumamosi kabla hujawasha, saa ile ile, mahali pale pale. Ukirudi Loliondo lete majibu.

Mwanamonduli

Nimerudi jana usiku, nimepima leo asubuhi. Kilomita 98,050. Iko katikati ya alama mbili, pale pale ilipokuwa wiki iliyopita.