Naomba ushauri: swichi na kadi za mtandao kwa kompyuta zisizo na diski

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa mawazo kabla sijatumia hela ya shule.

Nina maabara ya kompyuta 20 za zamani. Diski zake nyingi zimekufa, kwa hiyo nimezitoa zote na mashine zinawaka kupitia mtandao kwa PXE (njia ya kompyuta kupakia mfumo kutoka kwenye seva badala ya diski). Seva ni moja, ina mfumo wa Ubuntu na LTSP (programu ya kuendesha kompyuta nyingi kutoka seva moja), RAM ya GB 16, SSD, na kadi ya mtandao ya gigabiti 1 kwa sekunde. Tatizo naliona kwenye swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta zote na seva): ni ya matundu 24, yote ya megabiti 100 kwa sekunde, hata lile la seva.

Kompyuta moja ikiwaka peke yake inachukua kama dakika moja. Wanafunzi wakiziwasha zote kwa pamoja, zinapita dakika kumi, na kipindi ni dakika 40! Inaniuma kuwaona watoto wamekaa wanatazama skrini nyeusi.

Nimebadilisha kebo ya seva nikaweka Cat6, na nimejaribu kuwasha tano tano. Kuwasha kwa mafungu kunasaidia kidogo, lakini nafuu haitoshi.

Maswali yangu: kwa kuwa kompyuta 14 zina kadi za megabiti 100 tu, je, inatosha swichi yenye matundu mawili ya gigabiti kwa ajili ya seva, au ninunue ya gigabiti yote? Na kuongeza kadi ya pili kwenye seva na kuziunganisha kadi hizo mbili zifanye kazi kama moja kutaleta nafuu ya kweli, au nitakuwa nimetupa hela?

Natanguliza shukrani.