Klabu ya upinde Moshi: majina 40 daftarini, uwanjani watu 8. Tufanyeje?

MtuNaPodo (Moshi)

Salaam wadau. Klabu yetu ya kulenga shabaha kwa upinde wa asili ina majina 40 kwenye daftari, ila Jumamosi asubuhi wanaosimama kwenye mstari hawazidi 8, tena ni walewale. Wageni wanakuja, wanapiga siku moja au mbili, wanapotea. Kwenye grupu la WhatsApp wanaweka dole, basi. Uwanja tunao, kipande cha wazi upande wa Rau, shabaha tatu za magunia umbali wa mita 30. Pinde zipo sita za mti, zote za watu wazima. Kiingilio 20,000, ada 5,000 kwa mwezi. Mwenyekiti anataka ada ishuke, katibu anataka tangazo redioni. Mimi naona tatizo liko kwingine ila sijui nilishike wapi. Nisaidieni.

Fundi_Mkole (Usa River)

Umeshalishika mkuu: "zote za watu wazima".

Kabla ya tangazo lolote, pimeni pinde zenu. Chukueni mzani wa kuning'iniza, ule wa mizigo, ndoano ishike katikati ya ugwe, mvute hadi sentimita 70 kutoka kwenye mshiko, msome kilo. Upinde wa mti wa mkole uliochongwa kwa kuiga wa kuwindia, kama wa Wahadzabe kule ziwa Eyasi, unafika kilo 30 bila shida. Mgeni mtu mzima anahitaji kilo 9 hadi 11. Kijana wa miaka 12 hadi 15, kilo 7 hadi 9. Ukimpa upinde mzito kuvuta, mkono haufiki kidevuni, anaachia huku anatetemeka, mshale unaangukia njiani, ugwe unamchapa mkono uliobeba upinde, na kesho yake bega halinyanyuki. Huyo harudi, wala hatakwambia kisa. Ataandika kwenye grupu "nimebanwa na kazi".

Pinde mbili kati ya hizo sita mnaweza kuzishusha kilo. Mti unapunguzwa upande wa ndani tu, ule unaomtazama mpigaji. Upande unaotazama shabaha usiguswe hata kwa msasa mkali, maana ukikata nyuzi za mti hapo upinde utapasukia hapohapo. Kwangua kidogo kwa kipande cha kioo, mikono yote miwili ya upinde sawasawa, kisha uvute ugwe hadi nusu mara 20 au 30 ndipo upime tena. Wengi wanaruka hatua hiyo ya kuvuta. Mti hauoneshi mabadiliko papo hapo, fundi anadhani hajapunguza kitu, anaongeza kukwangua, na jioni ana fimbo.

Za vijana chongeni za mwanzi mnene uliokauka kivulini, urefu sentimita 150 kwenda juu, ganda la nje litazame shabaha. Ugwe uwe wa uzi wa poliesta, nyuzi 12 hadi 14 zilizosokotwa na kupakwa nta ya nyuki. Nailoni achaneni nayo, inavutika, upinde unalegea kila baada ya mishale michache. Ukishafunga ugwe, nafasi kati yake na mshiko iwe ngumi moja na dole gumba lililosimama. Na msiache pinde zimefungwa ugwe usiku kucha, zitabaki zimejikunja.

Kijana_wa_Pasua

Fundi, kwa nini wasitumie mabomba ya plastiki ya maji? Rahisi, na hardware yoyote unapata.

Fundi_Mkole (Usa River)

Kwa mtoto mmoja nyumbani, labda. Kwa klabu hapana. Bomba likizoea jua hukakamaa, na siku likiachia linapasuka vipande karibu na uso. Mti hutoa dalili kwanza: unalia, au unaona mstari mwembamba wa ufa. Plastiki haikuagi.

Shabaha_Njiro (Arusha)

Nakubaliana na Fundi, ila upinde mwepesi peke yake hautoshi kama mgeni anasimamishwa mita 30. Siku ya kwanza mwekeni mita 8, gunia usawa wa kifua, na maputo manne juu yake. Puto likipasuka, huyo ameshanaswa. Mishale 30 hadi 36 inamtosha kwa siku, mitatu mitatu. Ikizidi hapo mkono umechoka, anaanza kukosa, na anaondoka na ile picha ya mwisho ya kukosa.

Msimamizi mmoja kwa wageni wanne, asizidi. Kitu cha kwanza kufundisha, hata kabla ya kusimama: usivute ugwe na kuuachia bila mshale. Kila mgeni atafanya hivyo akiachwa dakika moja, maana mkono unawasha. Nguvu inayotakiwa kwenda na mshale inarudi kwenye mti, na upinde wa mkole unaweza kukatika vipande viwili mbele ya watu wote. Cha pili, kinga ya mkono. Kipande cha ngozi, au mpira wa ndani wa baiskeli wenye kamba mbili. Wakongwe hawavai, basi wanasahau kuwapa wageni.

Filimbi mnatumia? Mbili kusogea kwenye mstari, moja kupiga, tatu kwenda kuokota, tano mfululizo ni hatari na kila mtu anashusha upinde. Ndiyo hizo za mashindano ya kimataifa. Mzazi akisikia filimbi na akiona hakuna anayevuka mstari, anamwacha mtoto. Akiona watu wanaokota mishale upande huu na wengine wanapiga upande ule, anamshika mkono wanaondoka, na jirani zake wataambiwa.

Magunia yenyewe jazeni mabaki ya vitambaa ya mafundi cherehani, mkishindilia kwa miguu mpaka gunia lisimame lenyewe. Likiwa legevu, kwa mita 8 mshale unazama hadi kwenye manyoya na kuyang'oa. Mkitumia mitumba chakavu toeni zipu na vifungo kwanza, ncha zinapinda. Masika wekeni juu ya matofali na turubai.

Mwl_Michezo (Moshi)

Siku yenu ndiyo inanitia shaka. Jumamosi asubuhi mmewakosa Wasabato wote, na hapa kwetu hadi Upareni si wachache. Mmewakosa pia wafanyabiashara wa Mbuyuni na Memorial, ndiyo siku yao. Jaribuni kupokezana: wiki hii Jumamosi, wiki ijayo Jumapili saa 9 alasiri, ibada zikiwa zimeisha. Na andikeni saa ya kuanza na ya kumaliza. "Asubuhi" si saa. Mtu akifika saa 2 akakuta uwanja mtupu, wengine wakaja saa 4, hamtamwona tena.

Shule: nendeni na barua kwa mkuu wa shule, fomu ya ridhaa ya mzazi kwa kila aliye chini ya miaka 18, na mpango wa wiki nne, siyo "tunaomba kuja kufundisha". Msiende msimu wa UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya sekondari, mwalimu wa michezo hana muda nanyi. Kidato cha nne waacheni kuanzia Septemba. Kama klabu haijasajiliwa, anzeni kwa afisa michezo wa wilaya awaelekeze hadi kwa Msajili wa BMT, Baraza la Michezo la Taifa. Shule nyingi zitauliza cheti kabla ya kuuliza upinde.

Ada msishushe. Futeni kiingilio kwa wiki nne za mwanzo, baada ya hapo alipe chote. Anayelipa kabla ya kuonja anajiona ameshaibiwa akikosa.

MtuNaPodo (Moshi)

Asanteni sana. Hivi Desemba, Wachagga wote wakirudi nyumbani, tukiweka siku ya wazi kama tarehe 28 hivi?

Shabaha_Njiro (Arusha)

Wekeni, lakini ya kuchangisha. Wale Januari wako Dar na Mwanza. Watoze 2,000 kwa mishale sita, hela hiyo inunue uzi na vitambaa. Mkiwaandika daftarini mtafikisha majina 90 na uwanjani mtabaki 8.

Jambo jingine, walewale wanane ndio wanaoshinda kila wiki, sivyo? Hesabuni alama kwa mtu dhidi ya wastani wake. Aliyeuzidi wastani wake kwa alama nyingi ndiye mshindi wa siku. Msichukue wastani wa wiki zote, wajanja watapiga ovyo wiki mbili ili wapae ya tatu. Chukueni alama mbili bora kati ya nne za mwisho. Na wiki moja kwa mwezi ondokeni kwenye mstari kabisa, pangeni shabaha kumi kwenye miti na vichaka, umbali tofauti, watu wapite kwa makundi ya wanne. Wenzetu wa magobore Marekani, zile bunduki za kizamani za kushindilia baruti mdomoni, chama chao cha NMLRA kipo tangu 1933, nao wanapitisha watu msituni hivyohivyo.

Kijana_wa_Pasua

Si tuongeze na gobore basi? Vijana watajaa.

Mwl_Michezo (Moshi)

Gobore ni silaha ya moto, liko chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015, linahitaji leseni. Hata liwe la babu. Ukilileta kwenye klabu yenye watoto wa shule, ridhaa zote za wazazi zinarudi siku hiyohiyo.

Fundi_Mkole (Usa River)

Na hizo njia za vichakani, mbali na mipaka ya hifadhi. Askari akikukuta na upinde upande wa KINAPA, yaani Hifadhi ya Kilimanjaro, au Hifadhi ya Arusha hatauliza kama unalenga puto. Manyoya ya mishale pia yawe ya bata mzinga au kuku, ya tai hapana, na ugwe wa mishipa ya mnyamapori usiwepo hata wa maonesho, hizo ni nyara za serikali. Mkuu, leta namba za mzani wiki ijayo, tujue ni pinde zipi za kushusha.