Naomba ushauri: mapambo ya kutengeneza na watoto kwa sherehe ya bibi yao

Mama_Watatu:
Habari zenu wapendwa. Mama yangu anatimiza miaka 70 mwisho wa mwezi, na tumekubaliana kumfanyia sherehe ndogo ya familia hapa nyumbani. Natamani mapambo yatoke mikononi mwa wajukuu wake. Nina watoto watatu: wa miaka 10, wa miaka 6 na wa miaka 3. Mkubwa ana mkono mzuri ila hataki mtu aguse kazi yake. Wa kati huanza kwa nguvu zote, baada ya muda mfupi keshahamia kwenye jambo lingine. Mdogo anataka chochote alichoshika mwenzake.

Nyumbani kuna karatasi za rangi, magazeti ya zamani, maboksi, mikasi, gundi nyeupe, kreyoni, rangi za maji, unga wa ngano na chumvi. Sitaki kununua vitu vingi. Ninachotaka zaidi ni kazi ambazo watoto watazifanya kweli wenyewe, nisije nikakesha peke yangu namalizia. Na mdogo naye apate kazi yenye maana, asipewe karatasi ya kumnyamazisha tu. Nianzie wapi?

Fundi_Karatasi:
Hongera dada, na heri kwa bibi. Anza na minyororo ya karatasi, maana inajaza ukuta haraka na haimshindi mtu. Kata vipande vya upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 20. Kila mita ya mnyororo andaa vipande 15 hadi 17. Mkubwa apime na rula na kukata, wa kati apake gundi na kuunga pete moja ndani ya nyingine, mdogo achague rangi inayofuata. Alichochagua kisibadilishwe, hata kama nyekundu zitafuatana tano. Stepla usitumie, pini zinadondoka chini na yupo wa miaka 3.

Kuna pia maua ya karatasi laini. Panga karatasi 8, zikunje huku na huku kama upepeo, funga uzi katikati, kata ncha zote mbili ziwe mviringo, kisha fungua karatasi mojamoja kuelekea katikati. Hapo kwenye kufungua uwe karibu, zinachanika upesi.

Mwalimu_wa_Awali:
Mama Watatu, nimependa ulivyomfikiria huyo mdogo. Mtoto wa miaka 3 anaweza kurarua, kubandika, kupaka na kugonga chapa. Mkasi wengi huanza kuumudu wakifika miaka 4 au 5, hivyo usimlazimishe. Kurarua si kazi ya kumpotezea muda. Kunaimarisha vidole vilevile atakavyoshikia penseli baadaye.

Kadi ya bibi ifanyeni hivi. Mkubwa aandike ujumbe kwa kreyoni nyeupe kwenye karatasi nyeupe nzito, akandamize vizuri. Wa kati achore maua pembeni, naye kwa kreyoni nyeupe. Ukiitazama unaona karatasi tupu. Sasa mpe mdogo brashi pana na rangi ya maji iliyozimuliwa, apake karatasi nzima anavyotaka. Kreyoni ni nta, na nta haishiki maji, kwa hiyo rangi inakwepa maandishi na yanajitokeza meupe. Hakuna namna mdogo anaweza kuharibu, na bila brashi yake ujumbe hausomeki kabisa. Mimi ningeacha hata hatua hiyo ya kupaka ifanyike siku yenyewe mbele ya bibi, ashuhudie jina lake likitokea. Jaribuni kwanza kwenye karatasi nyingine: rangi ikiwa nzito kama ya ukutani, itafunika nta.

Baba_Mapacha:
Naunga mkono hiyo kadi. Kwa kuwa unga na chumvi unavyo, tengenezeni vibao vya kuning'iniza. Vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha chumvi, maji hadi kikombe 1 ukiongeza kidogo kidogo. Kanda hadi donge liwe laini na lisishike mkononi. Sukuma unene wa nusu sentimita hivi, kila mtoto agandamize kiganja chake, na toboa tundu la uzi kabla halijakauka. Oka kwa moto mdogo, nyuzijoto 100 hadi 120, kwa saa 2 hadi 3. Bila oveni pia inawezekana, ukaacha penye hewa siku kadhaa huku ukigeuza. Ndiyo maana nasema hii ianze wiki hii, kabla ya minyororo. Kibao kibichi ndani kikipakwa rangi kinapasuka au kuota ukungu.

Donge hilo lina chumvi nyingi mno, mtoto asile. Na kama mna mbwa, wekeni mbali kabisa, chumvi ya kiasi hicho ni sumu kwake.

Shangazi_Mpole:
Mwanangu, niongezee ya usalama. Kitu chochote kinachopenya kwenye lile bomba la kadibodi linalobaki tishu ya chooni ikiisha, hesabu kwamba kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Vifungo, shanga, macho ya plastiki, vyote hivyo vimngoje akue. Maputo napenda kuyaona, lakini puto lisilopulizwa au kipande cha lililopasuka kinaweza kuziba njia ya hewa, hata kwa mtoto wa miaka 6 au 7. Mtu mzima apulize, mtu mzima aokote vipande papo hapo.

Gundi ya moto ya kifaa cha umeme iwe mikononi mwako tu. Na minyororo isipite juu ya meza ya keki, mishumaa ikiwashwa karatasi inashika moto mara moja.

Mjukuu_Mkubwa:
Dada, mimi natofautiana kidogo na wenzangu kuhusu mkubwa. Mmempa kupima na kukata kwa ajili ya wadogo zake, atachoka na atawakaripia. Mpe mradi wake mwenyewe ambao hakuna anayeugusa: mti wa familia. Achore shina na matawi kwenye boksi kubwa lililofunuliwa. Majani yawe viganja vya kila mwanafamilia, vilivyochorwa kwenye karatasi za rangi, kukatwa na kuandikwa jina. Itabidi awafuate watu mmoja mmoja awaombe mkono, na humo ndimo atakapojua nani ni mtoto wa nani. Walio mbali wachore wenyewe na kumtumia picha. Kiganja cha bibi kikae kwenye shina.

Fundi_Karatasi:
Nakubaliana na Mjukuu. Basi vipande vya mnyororo kata wewe mama, ni kazi ya jioni moja.

Mama_Watatu:
Mmenisaidia sana, Mungu awabariki. Nimeamua: vibao vya unga kesho, mti wa familia aanze mkubwa leo hii (nimemwambia, ameshachukua boksi), minyororo wiki ijayo, kadi siku ya sherehe. Maputo naacha kabisa. Swali moja: gundi nyeupe iliyobaki ni chupa moja na viganja ni vingi. Gundi ya unga itafaa? Naogopa karatasi zisije zikajikunja.

Fundi_Karatasi:
Inafaa. Koroga kikombe 1 cha unga kwenye maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, endelea kukoroga mpaka iwe nzito, kisha iache ipoe. Haikai siku nyingi, hivyo pika ya kutumia sasa na inayobaki weka kwenye friji. Karatasi hujikunja kwa sababu ya unyevu mwingi: paka safu nyembamba, bandika, futa kwa kitambaa kikavu kuanzia katikati kwenda nje. Halafu laza boksi chini, funika kwa nailoni, weka vitabu vizito juu hadi asubuhi. Bila nailoni, vitabu vitagandia kwenye majani.