Je, ni sahihi kusema karakana ya reli ndiyo kiwanda cha kwanza cha Tabora?

Mwalimu wa Ipuli

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo. Ninafundisha historia hapa Tabora mjini na ninaandaa maelezo ya ziara ya wanafunzi wa kidato cha tatu, watakaopita stesheni na kumalizia kwenye Boma la Wajerumani. Karibu kila ninayemuuliza hunieleza habari za pembe za ndovu, misafara ya wapagazi na tembe la Livingstone kule Kwihara, kana kwamba mji huu haukuwahi kutengeneza kitu chochote bali uliishi kwa kuuza na kununua tu. Ninakusudia kuwaambia wanafunzi kwamba kiwanda cha kwanza cha Tabora kilikuwa karakana ya reli, na kwamba humo ndimo zilimopigwa sarafu za dhahabu mwaka 1916. Je, kauli hiyo inasimama? Na kwa nini kazi hiyo ifanyike bara huku, wala si Dar es Salaam?

Mkusanya Sarafu

Mwalimu, marahaba. Habari ya sarafu ni ya kweli, na sababu zake ni za kivita. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani, hivyo fedha mpya hazikuweza kuletwa kutoka Ujerumani. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuziba pengo kwa noti za dharura, lakini askari, wapagazi na wauzaji wa vyakula walikuwa na haki ya kuishuku karatasi ya serikali iliyokuwa inarudi nyuma. Dar es Salaam nayo ilikuwa imekwisha kupigwa mizinga kutoka baharini. Kwa hiyo Gavana Heinrich Schnee alipohamishia makao yake Tabora, mafundi wa karakana ya reli ya huku ndio waliokuwa na mashine, moto na ujuzi wa kufinyanga chuma.

Sarafu ya dhahabu ilikuwa ya rupia 15, ambayo kwa kiwango cha wakati ule ililingana na mark 20 za Kijerumani. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, upande wa pili una tai wa dola, na herufi T inaonyesha mahali ilipopigwa. Ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu ya uzito huo ndiyo dhahabu halisi, iliyotoka katika mgodi wa Sekenke, Iramba. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000 tu, ndiyo maana leo zinatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida hakuigusa. Iliyopita mikononi mwake ni heller 5 na heller 20 za shaba (heller 100 zilikuwa rupia moja), ambazo nazo zilitengenezwa huku, tena kwa wingi zaidi. Ningekuomba uanze na hizo, kwa sababu ndizo zilizonunua mahindi sokoni.

Mzee wa Cheyo

Mimi nina pingamizi, mwalimu, si kwa sarafu bali kwa maneno «kiwanda cha kwanza». Kabla ya Mjerumani kulaza taruma moja, wahunzi wa Usumbwa, nchi ya Wasumbwa kaskazini-magharibi mwa Tabora, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyoletwa kwa mamia katika soko la hapa, na majembe hayo yalikubalika kama malipo katika biashara na katika mahari. Kazi iliyokuwa na malighafi, tanuru, mafundi waliorithishana na soko la mbali ni uzalishaji, hata kama haikuwa na bomba la moshi. Ukiwaficha wanafunzi jambo hilo, watadhani ufundi uliletwa na garimoshi. Andika «karakana ya kwanza ya mitambo», hapo sitakuwa na ugomvi nawe.

Mwana wa Gungu

Ninaandika kutoka Kigoma. Nakubaliana na Mzee wa Cheyo, ila nisingependa karakana ipunguzwe uzito wake. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilianza kujengwa mwaka 1905 na ilifika kwetu Februari 1914, kiasi cha kilomita 1,250, na Tabora ilikuwa kituo kikubwa katikati ya safari hiyo. Meli tuliyoizoea kwa jina la Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikafungwa katika maelfu ya makasha na kupitishwa Tabora kwa garimoshi, hata ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wabelgiji walipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, baadhi yao walikuwa wameifuata reli hiyohiyo kutoka kwetu.

Mwalimu wa Ipuli

Nimeelewa, Mzee wangu, na sentensi hiyo nitaibadilisha. Lakini mwanafunzi mwerevu ataniuliza: ikiwa mji ulikuwa na mafundi wa kiwango hicho, mbona haukuendelea kuwa mji wa viwanda?

Mzee wa Cheyo

Mwambie aitazame ramani ya reli. Waingereza waliongeza njia ya Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, na baada ya Vita Kuu ya Pili tawi la kutoka Kaliua kwenda Mpanda, kwa ajili ya madini ya risasi. Tabora ikawa njia panda ya kupitishia mali ya wengine. Mpango wa karanga ulioletwa Urambo mwaka 1947 ulianguka, tumbaku ikachukua nafasi yake, na tumbaku hiyo ikasafirishwa kwenda kuchakatwa Morogoro. Kilichobaki mjini kilikuwa matengenezo ya mabehewa na vichwa vya treni.

Zipo kazi nyingine, bila shaka. Kiwanda cha chapa cha wamisionari kilichapisha gazeti la *Kiongozi* kuanzia mwaka 1950, ushirika wa wafuga nyuki ulikusanya asali na nta ya miombo, na baadaye kikaja kiwanda cha nyuzi kilichoitegemea pamba ya kaskazini. Katika hizo, ningewapeleka wanafunzi kwanza kwa wafuga nyuki, kwa kuwa asali na nta zilikuwa bidhaa za Unyamwezi tangu siku za misafara, na kwa kazi hiyo hakuna aliyehitaji kusubiri reli.