Nyumba ya Baba, Makorora (gumzo la kikundi cha familia)

Jumamosi, 7 Februari

Dada Zuhura (Tanga): Assalaam aleikum nyote. Leo nimeshinda Makorora na fundi tangu saa mbili asubuhi. Tumefungua kila mlango, kila koki, tumepanda mpaka darini. Picha 14 hizo hapo juu. Ziangalieni zote kwanza, bei ya kuiuza tutazungumza baadaye.

Salim (Dar): Waaleikum salaam Dada. Ukuta wa chumba cha Mama umekuwaje? Nilipokuja Desemba sikuuona hivyo.

Dada Zuhura: Kabati lilikuwa limeuziba. Leo tumelivuta.

Salim: Mimi niseme la moyoni. Dalali amenipigia jana, ana mteja anatoka Arusha. Anasema tupige rangi ya mafuta nyumba nzima, ing'ae, madoa yote yapotee, mteja aje wiki ijayo. Ada za watoto zinanisubiri, siwafichi.

Nassor (Muscat): Kwa nini tuuze kwa haraka? Tuweke vigae sebuleni na jikoni, silingi ya jipsamu, na geti jipya. Dada niambie nitume kiasi gani.

Dada Zuhura: Nassor, Mungu akuzidishie, wewe mkono wako haujawahi kufumba. Lakini vigae hapana. Atakayenunua atabomoa jiko lile aweke la kwake, na hela yako itatolewa pamoja na kifusi. Mimi nataka tutengeneze vile vitu ambavyo mtu akivigusa anaanza kuwaza mengine. Mlango wa uani unaburuza chini kwa sababu bawaba ya juu imebaki na skrubu moja. Kitasa cha mbele mpaka uinue mlango ndipo ufunguo uzunguke. Koki ya bafuni inadondosha, ni washa tu, kile kimpira cha ndani. Vioo viwili vya dirisha la sebule vimepasuka, wavu wa mbu umetoboka. Mgeni akikutana na hivyo vitano kabla hajafika chumbani, hata ukuta ulio mzima atauona una ufa.

Mwanaidi (Korogwe): Dada, ule mlango wa uani Baba alikuwa anauinua kwa mguu 😢

Dada Zuhura: Mpaka leo pana alama ya kiatu chake pale chini. Nimeiona.

Salim: Na ukuta je? Maana hapo ndipo rangi ya mafuta ingetusaidia.

Dada Zuhura: Rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi inafungia maji ndani, Salim. Masika yakianza itafanya malengelenge na kumenyuka vipande vipande, na mtu wa watu atakuwa ameshatoa hela yake.

Nisikilizeni, maana hapa nimetumia nusu siku. Kuta mbovu ni mbili, na ugonjwa wao si mmoja. Chumbani kwa Mama doa limeanzia juu, usawa wa dari, linashuka. Maji ya ardhini hayafiki kule, kwa kawaida yanapanda mpaka kiunoni hivi, hayazidi sana. Kwa hiyo nikamwambia fundi apande kwenye tangi. Floti, lile boya la kufunga maji tangi likijaa, imekwisha, haifungi. Kila usiku maji yakija tangi linafurika, na bomba la kutolea maji yaliyozidi limechomoka, maji yanateremka ukutani kwa nje. Miaka mingapi, Mungu ndiye anayejua. Floti na kipande cha bomba, basi.

Ukuta wa sebule, upande wa baraza, huo ni chumvi. Lipu inatoa unga mweupe chini, ukiigonga inalia kama debe. Kwa nje udongo umerundikana mpaka umepita ile karatasi ya lami iliyowekwa juu ya msingi kuzuia unyevu, kwa hiyo maji yanaingia juu yake.

Nassor: Udongo umetoka wapi? Pale palikuwa pasafi.

Dada Zuhura: Ni bustani ya Mama. Asumini yake. Kila mwaka aliongeza mbolea na udongo, na kila jioni alimwagilia.

Mwanaidi: Dada usiing'oe. Nakuomba.

Ami Bakari: Assalaam aleikum wanangu. Nimesoma yote.

Dada Zuhura: Waaleikum salaam Ami. Shikamoo.

Salim: Shikamoo Ami.

Ami Bakari: Marahaba. Salim, shida ya ada naijua, na mimi nimesomesha. Ila hili la kufunika ukuta tuliache. Mtume (SAW) alimpitia muuza nafaka sokoni, akatia mkono ndani ya fungu, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza, nini hiki? Yule akasema imenyeshewa na mvua. Akamwambia, mbona hukuiweka juu watu waione? Anayetughushi si katika sisi. Sasa na sisi ni unyevu huohuo. Marehemu kaka yangu amekaa mtaa ule tangu 1979 na hakuna aliyewahi kumdai neno.

Salim: Nimekuelewa Ami. Nitamwambia dalali asubiri. Ila Dada, nipe tarehe nijue najipangaje.

Dada Zuhura: Ahsante mdogo wangu. Floti inabadilishwa kesho. Doa la chumbani nimelizungushia chaki na kuandika tarehe, tuone linarudi nyuma au la. Sebuleni fundi atakwangua lipu yote inayolia, ule unga aufagie kwa brashi kavu. Asiuoshe, maji yanairudisha chumvi ndani. Halafu ukuta ukae wazi upumue. Lipu mpya ikipigwa tuipe wiki nne kabla ya rangi, na rangi iwe ya maji. Ramadhani inaingia katikati hapo, lakini kabla masika hayajakolea tutakuwa tumemaliza.

Soketi ya jikoni iliyoungua sitaki ibadilishwe kifuniko tu. Fundi umeme mwenye leseni aje aangalie waya nyuma yake. Jumla ya yote, vifaa na ufundi, ni 615,000.

Nassor: Natuma 400,000 usiku huu.

Salim: Mimi 100,000 mwisho wa mwezi.

Mwanaidi: Mimi 115,000 zilizobaki. Na bili ya maji, kuna deni?

Dada Zuhura: Deni 38,000, nimelipa leo. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, tukinunua umeme, kwa hiyo hiyo haina neno. Mteja akija tutamwonyesha ukuta, na nitampa picha za kabla na baada, ajue tulichokuta na tulichofanya.

Jumatatu, 16 Februari

Dada Zuhura: 📷 Chumbani kwa Mama. Mstari wa chaki huo wa nje ni wa tarehe 7, wa ndani ni wa leo. Doa limerudi nyuma shibiri nzima.

Nassor: Alhamdulillah. Floti tu?

Dada Zuhura: Floti na bomba futi tatu.

Salim: Dalali amempeleka yule mteja wake kwingine. Ana mwingine, mwalimu, yeye anasema hana haraka.

Mwanaidi: Na asumini?

Dada Zuhura: Tumeondoa udongo wote uliogusa ukuta, mpaka karatasi ya lami imeonekana. Shina lilikuwa mbele kidogo, limebaki. Ila sijui mwenye nyumba mpya ataamua nini, kwa hiyo nimekata vipande sita, nimevichomeka kwenye makopo, viko kivulini barazani kwangu. Vinne bado ni vibichi mpaka sasa.

Mwanaidi: Nakuja Jumamosi kuchukua changu.

Ami Bakari: Na mimi niwekewe kimoja.

Dada Zuhura: Kipo Ami. Mwanaidi, ukija njoo na msasa laini, hapa dukani umekwisha. Milango bado haijapigwa.