Mjadala: Je, ni haki kumbi za Dodoma kutoza waini ya Dodoma mlangoni?

Mbukwenyi wadau,

Naleta hoja hii nikiwa na uchungu nayo, na nawaomba wenye kumbi wasikae pembeni.

Kila kamati ya harusi au sendofu inayokwenda kukodi ukumbi hapa mjini inakutana na kifungu kilekile cha mkataba: vinywaji vya kutoka nje ya ukumbi haviruhusiwi, au vinaruhusiwa kwa kulipia kila chupa. Sasa ulizia waini iliyopo kaunta. Mara nyingi utaonyeshwa chupa za Afrika Kusini. Waini ya zabibu nyekundu ya Makutupora haipo. Ukitaka wageni wako wa Mbeya na Bukoba waonje kinacholimwa Dodoma, uibebe mwenyewe, na ukiibeba unalipishwa.

Nieleze inavyofanyika, maana wengine hamjawahi kusimama kwenye ule mlango. Boksi linashushwa garini, mlinzi anachana gundi kwa kisu, anatoa chupa mojamoja na kuzipanga sakafuni, karani anaandika idadi daftarini. Kesho yake mkienda kufunga hesabu hakuna anayehesabu chupa tupu, inasomwa ile namba ya daftarini. Chupa zilizorudi nyumbani na vizibo vyake zimelipiwa sawa na zilizonywewa. Risiti ya mashine haitolewi.

Watetezi wa utaratibu huu husema dunia nzima inafanya hivyo, na mfano wao ni meli za kitalii. Basi tuutazame huo mfano. Meli za Carnival zinamruhusu kila abiria wa miaka 21 na zaidi kupanda na chupa moja ya waini ya mililita 750 siku safari inapoanza, iwe haijafunguliwa na iwe kwenye mzigo wa mkononi. Akiinywa chumbani kwake hadaiwi kitu. Akienda nayo kwenye ukumbi wa chakula ndipo anatozwa, kwa sababu pale kuna mhudumu na kuna meza. Norwegian wanatoza chupa unayoingia nayo. Viking hawatozi. Kwa hiyo hata baharini, ambako abiria hana duka la pili la kukimbilia, kila kampuni ina utaratibu wake, na imeuweka wazi kabla mtu hajakata tiketi.

Msimamo wangu ni huu. Waini iliyotengenezwa kwa zabibu za Dodoma iingie ukumbi wowote wa Dodoma bila kulipiwa. Vinywaji vingine vya kutoka nje ya ukumbi vilipiwe kwa chupa iliyofunguliwa tu, na kwa risiti. Serikali yenyewe imeweka ushuru wa bidhaa mdogo zaidi kwa waini ambayo zaidi ya asilimia 75 yake ni zabibu za ndani. Kama hazina ya taifa imekubali kupunguza fungu lake ili mkulima auze, ukumbi wa Nzuguni unashindwa nini?

Nawasilisha.

Meneja wa ukumbi, Area D:

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho. Kwenye risiti uko sahihi. Ukumbi usiotoa risiti unajitafutia matatizo na TRA, mamlaka ya mapato, na mimi siutetei.

Ila kodi ya ukumbi peke yake haitoshi kuuendesha. Jenereta, walinzi, wasafishaji, glasi zinazovunjika, vyote vinabebwa na kaunta. Ukiniondolea faida ya vinywaji nitapandisha bei ya ukumbi, na wa kwanza kulia atakuwa mwenye shughuli ndogo ambaye wageni wake wanakunywa soda tu. Hizo meli ulizozitaja nazo zinaishi hivyohivyo, nauli inashuka kwa sababu baa ipo.

La pili ni leseni ya vileo, ambayo ina jina langu. Tangu 2019 chupa ya waini inatakiwa iwe na stempu ya kielektroniki ya TRA. Watu wanakuja na dumu la lita tano, mdomo umefungwa kwa nailoni, wanasema ni la mjomba wa Hombolo. Mgeni akidhurika, polisi hawatakwenda kwa mjomba, watakuja kwangu. Unaposema waini ya Dodoma iingie bure, niambie kwanza ni ipi: yenye nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango, na stempu, au ya dumu?

Mwanakamati, Kisasa:

Kwenye dumu namuunga mkono meneja. Lakini kututishia kupandisha bei ya ukumbi hakututishi. Pandisha! Kamati inataka namba moja inayojulikana mapema. Tunachangisha kwa ahadi, tunasumbua watu kwa simu, tunapanga bajeti miezi kadhaa kabla, halafu wiki ya harusi tunaambiwa kuna hela ya kuingiza vinywaji ambayo haikutajwa siku tulipoweka kianzio. Kianzio hakirudi. Na uhamie wapi? Bunge la bajeti likianza Aprili hadi Juni mwishoni, kumbi zote zimeshikwa na semina.

Mama wa Chang'ombe:

Assalamu alaykum. Mnazungumzia waini tu. Harusi yetu haikuwa na tone la pombe, na bado katoni za maji na juisi ya ubuyu tuliyoitengeneza nyumbani zilizuiwa getini. Ikiwa sababu ni leseni ya vileo, maji yanahusikaje? Naomba mtoa hoja asiishie kwa wanywaji.

Mkulima, Hombolo:

Nachangia kama mwenye shamba. Zabibu hapa tunavuna mara mbili kwa mwaka, na ikishaiva haisubiri. Mahindi utayaweka kwenye gunia ungoje bei. Zabibu ukichelewa, ndege wanaila na jua linaikausha mtini, ukishaikata ina siku chache tu. Siku kiwanda kinapokwambia matangi yamejaa, jasho la msimu mzima limekwenda. Tumelalamikia soko miaka na miaka, viongozi wamekuja, wamepiga picha shambani, wameondoka.

Ndiyo maana baadhi yetu tukaanza kukamua na kutengeneza waini wenyewe. Tuliojikongoja tumepata nembo ya TBS na stempu. Lakini kaunta za kumbi hatuzifikii. Ukumbi unanunua kwa msambazaji mmoja anayeshusha bia, soda na waini kwa lori moja, anampa mwenye ukumbi friji, anamkopesha mpaka mwisho wa mwezi. Mimi nina katoni zangu chache, sina friji ya kumpa mtu. Njia iliyobaki ya chupa yangu kufika mezani ni mwenye harusi kuipenda na kuibeba. Tuseme ameinunua kwa 12,000, mlangoni unamtoza 5,000. Safari ijayo hatabeba, atachukua iliyopo kaunta. Yeye hatapungukiwa kitu, nitakayekosa soko ni mimi.

Dumu lizuieni. Linatuharibia jina sisi tulioingia gharama za vipimo.

Baharia mstaafu:

Nilihudumia mezani kwenye meli ya kitalii, niongeze kidogo. Ni kweli meli kubwa zinategemea baa, na pombe kali hawana mzaha nayo, inakamatwa unapopanda. Ila ile hela ya chupa ilikuwa na kazi yake. Abiria akija na waini yake, tulimletea ndoo ya barafu na glasi za waini, tukaifungua mbele yake, na ikibaki nusu tuliandika namba ya chumba tukamtunzia mpaka kesho.

Huku kwetu unalipa, halafu unapewa glasi za soda na waini iliyoshinda chini ya meza tangu saa kumi jioni, ya moto. Chenin Blanc ya Dodoma, ile waini nyeupe, ikinywewa hivyo, mgeni anarudi kwao akisema Dodoma hawajui kutengeneza waini. Mkitaka kutoza, basi ipoezeni na mlete glasi yake. Mkishindwa, msitoze.

Mtoa hoja:

Nimewasikia. Stempu na nembo ya TBS nakubali ziwe sharti, nilipaswa kulisema hilo tangu mwanzo wa hoja. Maji na juisi navyo viingie, Mama ana haki kabisa. Na Baharia amenipa kipimo nilichokuwa nakitafuta: hela ilipwe kwa kazi iliyofanyika.

Ila suala la jenereta, meneja, halijanishawishi. Jenereta ni gharama ya ukumbi, iandike kwenye bei ya ukumbi kila mtu aione. Ukiificha kwenye chupa, anayeilipia ni yule aliyetaka kumuunga mkono mkulima wa hapa, na aliyenunua waini ya Afrika Kusini kaunta kwako hatozwi kitu mlangoni.

Halafu nikuulize waziwazi: leo hii kaunta kwako una waini ngapi za Dodoma?

Meneja wa ukumbi, Area D:

Moja, Dompo, kwa sababu ndiyo inayotoka. Watu wetu wanapenda tamu. Nyekundu kavu niliwahi kuiweka ikakaa mpaka lebo zikafubaa.

Mkulima, tufanye hivi. Niletee katoni mbili zenye stempu, mali kauli, niziweke kwenye friji. Zikiisha nakulipa nachukua nyingine. Na mteja akija na waini ya aina hiyohiyo sitamtoza. Nyingine za nje nitaendelea kutoza, kwa chupa iliyofunguliwa na kwa risiti. Kufuta kabisa siwezi nikiwa peke yangu wakati jirani yangu anatoza, labda wenye kumbi tukae pamoja.

Mkulima, Hombolo:

Mali kauli imetufilisi wengi, mkuu. Lipa nusu mkononi, nusu zikiisha, nami naleta Jumamosi. Na usiziweke karibu na jiko. Swali la Mama wa Chang'ombe kuhusu maji bado hujalijibu.